Sura ya Sita: Penye Udongo Laini

Mti wa saba wa mkrismasi uling'olewa saa tatu kasorobo asubuhi, na ilipofika saa tatu na nusu Mtaa wa Majabali ulikuwa umeshatoa hukumu. Mizizi ndiyo imeua. Na kwa kuwa mizizi haiwekwi mahabusu, aliyewekwa ni mzee Elias aliyeipanda.

Inspekta Getruda Shigela alikuwa amepiga magoti shimoni, suruali imekunjwa, tope mpaka kwenye viwiko, na hakuwa na haraka ya kukubaliana na mtu yeyote. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu na sauti ya kusimamisha lori. Kitu kilichomkera kuliko vyote kazini ni kesi inayoletwa mezani kwake ikiwa imeshapikwa, yeye kazi yake iwe kupakua tu.

"Haya, Dorcas, nieleze kama mtu asiyejua kitu. Usirukeruke."

Dorcas, fundi wa ofisi ya maji, alikuwa amesimama ukingoni na spana mkononi. "Bomba hili ni la inchi nne, afande. Linapandisha maji nyumba za juu. Jumatatu saa moja asubuhi lilipasuka hapahapa, chini ya huu mti. Maji hayakuruka juu. Yalipita chini kwa chini mpaka nyuma ya ule ukuta wa mawe, yakajaa. Ukuta ukaanguka."

"Ukaangukia mtu."

"Ukaangukia mtu," Dorcas alikubali, akatazama pembeni.

Ukuta ulikuwa hatua kumi tu chini yao, au tuseme palipokuwa na ukuta. Sasa palikuwa na rundo la mawe juu ya kibanda cha jiko cha mabati. Ndani ya jiko hilo, Jumatatu, Rebeka Achola alikuwa akikaanga maandazi ya biashara. Leo ilikuwa Alhamisi. Mwili wake ungeondoka saa saba mchana kwenda kuzikwa Rorya, kwa kina mumewe. Saa nane mchana mzee Elias angepandishwa kizimbani kwa kosa la kuua bila kukusudia. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja na kisukari, na kila mtu kituoni alijua kwamba dhamana yake haikuwa na mtu wa kuisimamia.

Simu ya Getruda ikalia. Alikuwa Afande Nathaniel, mkuu wake wa upelelezi.

"Getruda, jalada liko wapi?"

"Liko shimoni, afande. Na mimi nimo."

"Acha utani. Mti uko juu ya bomba, siyo?"

"Uko juu."

"Mizizi iko kwenye bomba, siyo?"

"Imelizunguka pande zote."

"Sasa unatafuta nini tena? Wananchi wana hasira. Mume wa marehemu mwenyewe ameandikisha maelezo, amemtaja mzee kwa jina. Saa nane, Getruda."

"Nimesikia, afande."

Akairudisha simu mfukoni. Sajenti Otuoma, msaidizi wake, mtu wa Mara mwenye umri uliompita yeye kwa miaka kumi na maneno yaliyopungua kila mwaka, alikuwa ameketi juu ya jabali akimenya karanga. Hakuuliza simu ilikuwa ya nani. Alimpa karanga tatu na akaendelea.

"Sajenti, hesabu miti."

"Kumi na miwili. Yote imenyooka mstari mmoja."

"Na bomba?"

"Liko chini ya mstari huohuo." Otuoma alitafuna kwanza. "Ni kama mtu alimwambia mzee apande juu ya bomba makusudi."

Ndicho kilichokuwa kikimkera Getruda. Mzee Elias alifanya kazi ya miti miaka thelathini, na sasa alikuwa msimamizi wa kampuni ya bustani iliyoitwa Ntuzu Kijani. Mtu wa namna hiyo anaweza kukosea mti mmoja. Hakosei kumi na miwili kwa mstari.

Alipanda kutoka shimoni, akaenda mita tatu upande wa pili wa barabara, pale mwamba ulipotokeza. Alimwagia mwamba maji ya chupa yake ya kunywa, akafuta kwa kiganja. Chini ya vumbi na kuvu la miaka, ulijitokeza msalaba wa rangi nyekundu iliyofifia. Pembeni yake kulikuwa na makovu mawili ya sururu.

"Loo!" Dorcas alisema. "Hiyo mbona hatukuiona?"

"Kwa sababu mlikuwa mnatazama bomba. Twende kwenye mti wa nane."

Mkabala na mti wa nane kulikuwa na msalaba na makovu. Mkabala na wa tisa, vilevile. Mzee Elias alikuwa amepima mita tatu kutoka kwenye bomba, kama inavyotakiwa. Mtu mwingine alikuwa ameanza kuchimba penye alama, mwamba ukamkatalia, akahama.

"Akahamia wapi?" Getruda aliuliza kwa sauti, akimwuliza zaidi yeye mwenyewe. "Dorcas, mtaa huu wote ni mawe. Mlipolaza bomba, mlipita wapi?"

"Ilibidi tuchonge mtaro kwenye mwamba, afande. Kisha tukaujaza udongo."

"Kwa hiyo mtu mwenye sururu, akitafuta udongo laini kwenye mtaa huu..."

Dorcas aliziba mdomo kwa mkono wenye spana. "Udongo laini ni wetu tu. Ni wa mtaro."

"Mti wa saba mbona ni mkubwa kuliko wenzake?" Otuoma aliuliza kutoka juu ya jabali.

Getruda alimgeukia. Kweli. Shina la mti uliolala pale chini lilikuwa nene karibu mara mbili ya mingine. Alirudi shimoni na panga, akaanza kukata mizizi mmoja mmoja juu ya bomba, taratibu, kama anayeparua samaki. Mzizi wa mwisho ulikuwa mnene kama kifundo cha mkono. Alipouondoa, aliweka panga chini.

Chini ya mzizi, bomba lilikuwa limefungwa ukanda mweusi wa mpira. Tyubu ya baiskeli iliyochanwa. Ukanda ulizunguka bomba kwa urefu wa shubiri nzima, na pembeni yake ndipo bomba lilipopasuka.

"Usiguse," alimwambia Dorcas. "Sajenti, kamera. Piga mzizi na alama uliyoiacha kwenye mpira."

"Kuna nini?"

"Mzizi ulipita juu ya mpira. Mpira ulitangulia." Alisimama, magoti yakamlia. "Mti haukutoboa bomba. Ulikuta limeshatobolewa, ukaja kunywa. Ndiyo maana umenenepa."

Dorcas alishuka, akautazama ukanda kwa karibu, akapapasa huku na huku kutafuta mwisho wake. Alizunguka mara mbili, akaleta kibano, akazunguka tena. Hakuuona. Mpira uliingia ndani ya mpira na kupotea.

"Huyu kafungaje?" alilalamika. "Hata mwanzo sijui uko wapi."

Getruda alijaribu mwenyewe, naye akashindwa.

"Afande."

Sauti ilitoka chini. Okumu, mume wa marehemu, alikuwa amesimama kando ya rundo la mawe, shati jeupe la msiba, kikombe cha chai mkono wa kushoto. Nyuma yake, juu ya uwanja wa nyumba yao ya kupanga, turubai la kanisa lilikuwa limetandwa juu ya waombolezaji, kila pembe imefungwa vizuri kwenye nguzo. Pembeni, chini kidogo ya ukuta ulioanguka, kulikuwa na kitalu cha mchicha, kibichi kabisa katikati ya Julai.

"Pole tena, ndugu Okumu," Getruda alisema.

"Nimeshapoa. Mmeshalitoa bomba?"

"Bado."

"Nauliza tu." Alisimama kidogo, kisha akarudi chini ya turubai bila kuinywa chai.

"Hii ni mara ya tatu anauliza," Otuoma alisema.

"Amefiwa. Aulize hata mara kumi."

Otuoma alimenya karanga nyingine.

Sababu ya kwanza iliyomjia Getruda ilikuwa wizi. Mpira wa tyubu kwenye bomba la mtaa, kwa kawaida, ni kazi ya mtu aliyejiunganishia maji kinyemela. Na mtaa mzima ulimjua mtu huyo. Aliitwa Ngosha, fundi bomba asiye na leseni, na alipatikana dakika kumi baadaye akinyolewa ndevu kwenye kibanda cha kinyozi, nusu ya uso ikiwa na povu.

"Mimi? Mimi, afande?" Ngosha aliuliza aliposimamishwa mbele ya shimo. Povu lilikuwa limeanza kukauka. "Kila kitu Majabali ni mimi. Jogoo akipotea, Ngosha."

"Jogoo hakufungwa mpira. Tazama."

Ngosha alichuchumaa. Alikuwa tapeli, lakini alikuwa fundi, na fundi akitazama kazi ya mwenzake uso hubadilika. Alitazama muda mrefu.

"Hii siyo yangu. Naapa kwa mama yangu."

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko Sengerema, mzima kabisa. Afande, nisikilize. Mimi nikiunga maji, natoboa, naweka kiungio, nabana kwa waya. Nataka maji yatoke. Huyu hakutaka yatoke. Alitaka yabaki ndani. Huyu alikuwa anaficha jeraha." Alijifuta povu kwa kiganja. "Na alifunga bomba likiwa kavu. Lingekuwa na maji asingeweza hata kulishika."

Getruda alimtazama Dorcas. Dorcas alikuwa ameshafungua simu yake, akitafuta kumbukumbu.

"Miti ilipandwa lini?"

"Miaka minne iliyopita, mwezi wa tatu, Alhamisi na Ijumaa," Getruda alijibu. Tarehe zilikuwa kwenye jalada.

"Alhamisi hiyo kulikuwa na mgao. Huku juu maji yalifungwa kutwa nzima, yakarudishwa Ijumaa."

"Nenda kamalizie ndevu, Ngosha."

"Ndiyo basi? Hata samahani?"

"Samahani," alisema Getruda, na akamaanisha.

Saa tano na dakika kumi, mzee Elias aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa mwembamba, kola ya shati imemzidi shingo. Getruda alisimama alipoingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Mzee alionekana kushangaa. Siku tatu hizi hakuna aliyemwamkia.

"Umekunywa chai? Dawa umepewa?"

"Nimepewa."

"Vizuri. Maana sasa nitakugombeza." Aliweka picha ya msalaba mwekundu mezani. "Hii alama ni yako?"

"Ni yangu. Mita tatu kutoka kwenye bomba. Nilipima kwa kamba."

"Na miti iko wapi?"

Mzee alirekebisha kola ya shati.

"Kwenye maelezo yako umesema ulisimamia kazi siku zote mbili, toka asubuhi mpaka jioni. Ulisimama hapo, mzee, ukatazama watu wakihamisha mashimo kumi na mawili kutoka kwenye alama zako wakayapeleka juu ya bomba, ukanyamaza?"

"Nilikuwa na kazi nyingi."

"Mzee Elias, leo saa nane unakwenda kuulizwa kuhusu roho ya mtu. Mimi peke yangu katika jengo hili ndiye ninayefikiri hukuua. Ukinidanganya na mimi, umebaki na nani?"

Mzee aliiangalia ile picha. Akaisogeza pembeni kwa kidole.

"Sikuwepo," alisema.

"Sema tena."

"Alhamisi sikuwepo. Mama yangu mdogo alikuwa amefariki Sengerema. Asubuhi niliweka alama, nikawaonyesha vibarua, nikapanda kivuko cha Kamanga nikaenda kuzika. Nilirudi Ijumaa jioni. Miti imesimama, imenyooka, imemwagiliwa. Nikamshukuru Mungu. Nikatia saini kwamba nilisimamia."

"Hukuona imehama?"

"Niliona." Sauti ilimshuka. "Nilisema nitawaambia waing'oe. Nikasema kesho. Ikawa kesho kila siku, na mimi nilikwisha kutia saini. Mwanangu, ningesemaje kwamba nilitia saini nikiwa Sengerema?"

Getruda alipiga meza kwa kiganja, na mzee akaruka kidogo. "Ungesema hivyohivyo! Mama mdogo amefariki, nimekwenda kuzika. Nani angekufukuza? Haya. Vibarua. Majina."

"Sina majina. Niliwalipa kwa shimo, shimo moja pesa yake. Niliwachukua Mwaloni."

"Mwaloni? Kuchimba mashimo ya miti unakwenda kuchukua watu sokoni kwa wavuvi?"

"Zilikuwa siku za mbalamwezi," mzee alisema, kana kwamba hilo lilimaliza maelezo.

Getruda, aliyezaliwa Kwimba kwenye pamba na ng'ombe, alimgeukia sajenti wake. Otuoma aliacha kuegemea ukuta.

"Dagaa huvuliwa kwenye giza, afande, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa, dagaa hawaji kwenye taa. Wiki nzima wavuvi wanakaa nchi kavu hawana kazi. Ukitaka vibarua wa haraka Mwanza, nenda Mwaloni mwezi ukiwa mpevu."

"Kwa hiyo waliochimba walikuwa wavuvi."

"Wavuvi wa dagaa, na washona nyavu," alisema mzee Elias. "Watu wa kazi kweli. Ila mwamba hawaujui."

Otuoma alifungua mlango. Alitoka chumbani. Getruda alimkuta uani, nyuma ya gari, amefungua kiroba kilichokuwa na kipande cha bomba Dorcas alichokikata. Alikuwa amekiweka magotini na kukizungusha polepole.

"Nilikuwa natazama tangu asubuhi na sioni," alisema. "Nilidhani ni kazi ya fundi bomba. Baba yangu alishona nyavu, afande. Tazama. Fundi angezungusha tu mpira na kuukaza. Huyu amezungusha mara mbili, akapiga kitanzi. Mara mbili, kitanzi. Hivi ndivyo boya linavyofungwa kwenye kamba ya wavu. Kitanzi kimoja kikikatika, vingine vinashika."

"Na mwisho wake?"

"Unafichwa ndani, usije ukanasa nyuzi za wavu. Kila mshonaji ana mahali pake pa kuuficha. Baba aliuficha chini ya kitanzi cha tatu. Huyu sijui." Aligeuza bomba. "Lakini vitanzi vyote vinalala kinyume. Mimi nikifunga, vinalala huku. Huyu anatumia mkono wa kushoto."

Getruda alikuwa ameshageuka. Alifungua mlango wa gari, akatoa jalada, akatafuta maelezo ya Okumu. Aliyasoma akiwa amesimama juani, kisha akayasoma tena kwa sauti.

"'Mimi ni mshona nyavu wa Mwaloni. Nilihamia Mtaa wa Majabali miaka mitatu iliyopita.' Mitatu, sajenti. Miti ina minne. Sasa sikiliza. 'Mzee Elias aliweka alama kwenye mwamba lakini miti ikapandwa juu ya bomba.'"

"Hizo alama uliziona wewe leo, baada ya kumwaga maji."

"Nilimaliza chupa nzima." Alifunga jalada. "Yeye ameziona wapi?"

Otuoma alilirudisha lile bomba kwenye kiroba kwa uangalifu. Aliangalia saa yake. "Gari la Rorya linaondoka saa saba."

"Endesha."

Walifika Majabali saa sita na robo. Jeneza lilikuwa limeshaletwa kutoka hospitali, watu wameshaaga, na wanawake walikuwa wakikusanya masufuria. Wanaume wanne walikuwa wakihangaika na turubai. Kanisa lilitaka turubai lake, na pembe, zilizofungwa kwa kanda za mpira, hazikufunguka.

"Leteni kisu," mmoja alisema. "Mpira huu umefungwa na shetani."

"Msikate." Okumu alitoka ndani. "Ni mali ya watu."

Alikwenda kwenye nguzo ya kwanza. Mkono wa kushoto ulipanda, kidole gumba kikapita chini ya mpira, kikasukuma, na ukanda wote ukaachia. Alikwenda nguzo ya pili. Ya tatu. Hakutazama hata mara moja alichokuwa akikifanya. Getruda alisimama getini mpaka nguzo ya mwisho, na turubai likashuka chini.

"Ndugu Okumu. Njoo huku mara moja."

Walisimama watatu kando ya kitalu cha mchicha, mbali kidogo na watu. Otuoma alifungua kiroba, akaweka bomba juu ya jiwe.

"Mmelitoa," alisema Okumu. Safari hii hakuuliza.

"Tumelitoa. Nina swali moja tu. Mwisho wa huu mpira uko wapi? Mafundi wamehangaika, mimi nimehangaika. Hatuuoni."

Okumu alilitazama bomba. Mwanamke mmoja kule nyuma aliita jina la mtoto, akaitikiwa. Okumu hakugeuka. Kisha mkono wa kushoto ulitoka mfukoni, kidole gumba kikaingia chini ya kitanzi cha pili, kikasukuma. Kikachomoza kipande kifupi cha mpira, kisichozidi ukucha, cheusi na kisafi kama siku kilipokatwa.

"Basi," alisema Getruda. "Usilifungue."

Mkono ulirudi mfukoni.

"Maji yalikuwa yamefungwa siku ile," Okumu alisema. "Mwamba ulitukatalia. Tukatafuta udongo laini, tukaupata, mstari mzima. Tukafurahi. Shimo langu lilikuwa la saba. Nilipiga sururu mara moja nikasikia plastiki. Mzee hayupo. Wenzangu wakasema funika, ukisema tunafukuzwa wote, mwezi bado mkubwa, tutakula nini. Nikachana tyubu ya baiskeli yangu. Nilifunga vizuri, afande. Mungu anajua nilifunga vizuri."

"Lilishika miaka minne," Otuoma alisema taratibu. "*Omera*, ndugu yangu, hilo ni fundo."

"Kwa nini ulimtaja mzee?" Getruda aliuliza.

"Mliniuliza nani. Mawe yalikuwa bado juu yake, mkaniuliza nani." Alitazama rundo la mawe. "Nikataja jina lililokuwa karibu."

"Na kuhamia hapa?"

"Nyumba niliiona siku ile ya miti. Rebeka alikuwa anataka mahali pa bustani." Alionyesha mchicha kwa kidevu. "Kiangazi cha kwanza ukastawi. Akaniuliza, Baba Favour, huku juu mawe matupu, maji haya yanatoka wapi? Mimi nilijua. Nilitazama mti, nikajua. Nikamwambia ni ziwa, linapanda chini kwa chini kwenye miamba."

"Akaamini?"

"Alikuwa akiwasimulia majirani."

Getruda aligeuka, akatoa simu. Hasira aliyokuja nayo ilikuwa bado ipo, lakini haikuwa na mahali pa kukaa.

"Afande Nathaniel? Mzee Elias hapandi kizimbani leo. Hapana. Atajibu kuhusu saini yake, hilo tutaongea. Roho ya mtu hapana. Ninaye aliyefunga bomba. Ndiyo, ushahidi ninao mkononi." Alisikiliza. "Kwanza atazika. Nimesema atazika, afande. Sajenti Otuoma atapanda naye gari, na Jumatatu atakuwa mezani kwako. Nikikosea, nipeleke mimi."

Alikata simu. "Umesikia," alimwambia Okumu. "Pingu zinabaki huku. Lakini ukishamaliza kuzika, kabla hujaondoka kule, utawaambia watu wake kwa mdomo wako. Usiposema, nitakuja kusema mimi."

Okumu aliitikia kwa kichwa. Gari lilikuwa limewashwa. Watu walikuwa wakipanda, na Otuoma akamfuata Okumu hatua moja nyuma, kama ndugu yeyote wa msibani.

Hapo ndipo mama Evelina, mama mzazi wa Rebeka, alipotoka upande wa bustani. Alikuwa ameinamia mchicha muda mfupi tu, na sasa alishika fungu kubwa, bado lina udongo kwenye mizizi. Alilileta moja kwa moja kwa Getruda.

"Chukua, mwanangu. Mmehangaika kwa ajili yetu siku hizi zote, na kesho hakuna wa kuuchuma." Alimsukumia mikononi. "Upande hata kwako, mbegu yake nzuri. Ila hautastawi kama hapa. Rebeka alikuwa akiniambia kila akipiga simu, mama, mimi nimepata uwanja unaonyweshwa na ziwa."

Getruda aliupokea kwa mikono miwili. 

Okumu alikuwa ameshaweka mguu mmoja garini. Aliutoa. Alirudi kwa hatua zile chache mpaka alipotakiwa kusimama mbele ya mama mkwe, umbali wa heshima, macho chini.

"Mama," alisema. "Hayakuwa maji ya ziwa."